Futa, Usifute

Delhi, 2 Juni

Bhaiya wangu,

Nagusa miguu yako kutoka huku mbali, kaka yangu. Hujambo? Tumbo limetulia, au bado unakula viazi vya juzi kwa sababu huna muda wa kupika? Mimi ni mzima, tatizo ni joto tu. Jana Rempui, yule msichana wa Mizoram ninayekaa naye chumba kimoja, alilowesha shuka, akajifunga, akasoma hivyo hivyo mpaka likamkaukia mwilini.

Tangu umpelekee Baba simu yako ili usome bila kusumbuliwa, umenipa kazi ya kukuandikia habari za wiki. Haya, pokea. Chui ameingia kwenye ukumbi wa harusi huko Lucknow. Bwana harusi alipanda juu ya gari, bibi harusi ndiye aliyefunga mlango wa jikoni ili mnyama asiguse chakula. Mbunge mmoja amehama chama asubuhi na kurudi jioni. Magazeti mawili yameandika sababu mbili tofauti, na yote mawili yametoa picha yake anacheka. Maji hakuna. Lori la maji likija mtaani kwetu watu wanapigana kwa ndoo, halafu Waziri anatokea kwenye televisheni na glasi mkononi, anasema maji yapo.

Mwalimu wetu wa siasa anatuambia tusome magazeti matatu ndipo tupate ukweli. Nimesoma matatu, nimepata kweli tatu. Wewe uliyesema chuo kitanifungua macho, hebu nieleze mbona naona ukungu tu.

Jumapili ndiyo siku yako. Mama anafunga tangu Ijumaa, na Baba amesema hataingia bwawani siku hiyo, atakaa nyumbani akuombee. Baba kuacha bwawa msimu wa kuvuna mbegu za makhana! Kula kwanza, usiende na njaa. Andika jina lako vizuri, lisisomeke la mtu mwingine.

Mdogo wako,
Buchi


Patna, 8 Juni

Buchi,

Mungu akupe umri mrefu na akili kuliko za kaka yako. Mimi ni mzima, tumbo limenyamaza lenyewe. Natumaini joto la huko halijakukausha. Msalimie Rempui, mwambie asilale na shuka bichi, atapata homa.

Sasa nikuambie. Unajua mimi si mtu wa kujisifu. Miaka yote hii ya kugombea ukarani wa serikali, nimekuwa nikitoka kwenye chumba cha mtihani najua moyoni kwamba nimeanguka, halafu nasubiri matokeo kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu aliyokwisha kuisikia. Jana haikuwa hivyo. Nilifungua karatasi, swali la kwanza nikalijua, la pili nikalijua. Nikadhani nimekosea, nikarudi kusoma upya. Nililijua kweli! Hesabu zilinyooka. Hata yale ya historia, ambayo hunitoa jasho, yalikuja kama watu wa nyumbani.

Nilipotoka nilisimama kwenye jua kama mjinga. Muuza maji ya unga wa dengu akaniuliza, "Kaka, umepotea?"

Nikamwambia, "Hapana. Nimefika."

Akaniona mwehu, lakini alinipimia glasi iliyojaa.

Bahati imekuja wakati wake, Buchi. Agosti natimiza thelathini, na tume ya mitihani haipokei mtu aliyevuka hapo. Huu ulikuwa mtihani wangu wa mwisho. Sikukuambia kwa sababu ungekosa usingizi na wewe. Sasa naweza kukuambia.

Matokeo yakitoka namtoa Baba majini. Umeiona miguu yake? Ile miiba ya majani ya makhana imemtoboa mpaka nyayo zimekuwa kama ubao. Ameokota mbegu kwenye tope la watu tangu kabla sijazaliwa. Atakaa kivulini, ataamrisha watu. Nina hakika atakuwa bosi mbaya sana.

Bwana Ojha, mwenye nyumba wangu, amehamishia televisheni yake ukumbini, tunasikia habari zote tutake tusitake. Lakini zangu nazitaka kutoka kwako. Andika.

Kaka yako,
Bhaiya


Delhi, 11 Juni

Bhaiya wangu,

Nagusa miguu yako. Barua yako haijafika bado, kwa hiyo sijui ulivyofanya, lakini najua mahali moyo wako ulipo. Wangu upo hapo hapo. Umekula? Umelala? Usikate tamaa, nina habari ya wiki ambayo wiki hii ni yetu.

Jumatatu kila simu hapa chuoni ilikuwa na picha ileile: maswali ya mtihani wenu, yamepigwa picha siku moja kabla. Yamevuja. Kuna vituo ambako watu walisomewa majibu kama shairi. Nikakuona wewe kwenye kile chumba chako kisicho na dirisha, miaka yote hiyo, halafu mtoto wa mtu fulani anapewa majibu Jumamosi anakunywa soda.

Nikamwambia Rempui, "Mimi naenda Jantar Mantar, kwa waandamanaji."

Akasema, "Wewe uliyeogopa kumwambia mpishi wa hosteli kwamba dengu zina mchanga?"

Tulikwenda wote. Watu walikuwa wengi kama siku ya maonyesho. Nilijifunga mtandio wangu, ile dupatta, kichwani, nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika: "Futa mtihani! Futa mtihani!" Mtu wa televisheni akaniwekea kipaza sauti mdomoni. Sikumbuki nilichosema. Rempui anasema nilisema vizuri.

Na jana jioni tume ikatangaza kwamba umefutwa, wote, nchi nzima! Mtarudia. Hosteli yetu ilipasuka kwa furaha, watu wakagawa ladu, vile vitamu vya sherehe. Kwa mara ya kwanza tangu nije Delhi nimeona kitu ninachokisoma darasani kikitokea kweli: watu wamesema, serikali imesikia. Tumeshinda, Bhaiya.

Kitu kimoja tu kilinitatiza. Kwenye kituo cha basi kulikuwa na msichana analia. Nikadhani ni furaha. Nikamuuliza, akasema, "Mtihani wangu ulikuwa mzuri." Basi. Nilimpa ladu, akakataa.

Soma, jipumzishe, soma tena. Safari hii mtapimwa kwa mizani moja.

Mdogo wako mwenye sauti iliyokwama,
Buchi


Delhi, 15 Juni

Bhaiya,

Barua yako ya tarehe nane imefika leo asubuhi.

Nimesahau kukusalimu. Nagusa miguu yako. Hujambo? Sijui hata nina haki gani ya kuuliza.

Nimeisoma kwenye ngazi, nimeisoma chumbani, nimempa Rempui aisome kwa sauti labda mimi nimekosea kuelewa. Aliposoma "nimefika" akaikunja, akaniwekea mapajani.

Kwa nini hukuniambia habari ya umri? Hapana, si kosa lako. Lakini kwa nini? Ningejua, ningekwenda? Nakaa najiuliza hivyo. Nikijijibu nisingekwenda, basi wale waliosomewa majibu wangekuwa makarani leo, na mimi ningekuwa nimenyamaza kwa sababu kaka yangu alifanya vizuri. Nikijijibu ningekwenda, mimi ni dada wa namna gani? Nageuza huku na huku, kila upande unachoma.

Nimepiga simu ya Bwana Ojha. Alisema, "Yupo, ila hasemi na mtu." Nikaomba nikupe salamu. Alikwenda, akarudi, akasema umelala. Ilikuwa saa tano asubuhi. Wewe hujawahi kulala saa tano asubuhi.

Nitukane. Andika ukurasa mzima wa matusi, nitausoma wote. Lakini andika.

Mdogo wako,
Buchi


Delhi, 24 Juni

Bhaiya,

Nagusa miguu yako popote ilipo, maana sijui ipo wapi.

Hujaandika. Nimepiga tena kwa Bwana Ojha, anasema uliondoka na begi, ukamuaga kwamba unakwenda nyumbani. Nikampigia Baba kwa ujanja, nikaulizia mvua. Akanieleza mvua yote, halafu akasema, "Kaka yako mwambie aje msimu huu, mikono haitoshi." Kwa hiyo hupo nyumbani. Sikumwambia. Nimekaa nimeishika simu kama kitu kilichokufa.

Unajua kinachosemwa magazetini kila mwaka kuhusu wanafunzi wanaoshindwa. Sitaki kuliandika neno hilo. Rempui amenikataza hata kulifikiria, lakini jana alinisindikiza mpaka bafuni akasimama mlangoni, basi najua na yeye analifikiria.

Leo asubuhi gazeti limetoa picha kutoka Patna, maandamano ya wanaopinga mtihani kufutwa. Katikati kuna mtu mwenye shati la bluu, amebeba kadibodi iliyoandikwa USIFUTE JASHO LANGU. Uso umefunikwa nusu na mkono wa mtu. Lakini herufi zile ni zako, ile U yenye mkia. Chini wameandika kwamba polisi walitumia virungu na watu kadhaa walikamatwa.

Nilifurahi, Bhaiya. Unaona nilipofika? Nimefurahi kuona kaka yangu anapigwa virungu, kwa sababu anayepigwa yu hai.

Habari nyingine ya wiki: asubuhi Waziri alisema waliovuka umri wataruhusiwa kurudia mtihani. Mchana msemaji wake akasema Waziri hakueleweka. Jioni Waziri akasema hakusema. Nimetazama zote tatu, na mara zote tatu alikuwa amevaa koti lilelile.

Natuma hii kwa Bwana Ojha. Ukirudi utaikuta. Rudi.

Buchi wako


Patna, 30 Juni

Buchi,

Nakusalimu. Mimi ni mzima. Kichwani nina nyuzi, zitatolewa wiki ijayo. Bwana Ojha anasema kovu litanifanya nionekane mtu wa maana. Pole kwa hofu niliyokupa. Nilimdanganya mzee wa watu kwa sababu ningemwambia ninapokwenda angemwita Baba.

Nitakueleza yote, nawe usinikatize.

Jioni ile nilikuwa ukumbini, tunakunywa chai. Televisheni ikaonyesha Delhi. Bwana Ojha akasema, "We Ramashish, huyu msichana ana pua yako." Nikainua macho. Ulikuwa wewe, dupatta kichwani, mishipa ya shingo imetoka. "Futa mtihani!" Wakakuuliza kwa nini. Ukasema, "Kwa ajili ya kaka yangu." Yule mzee akapiga makofi, akaniambia, "Una dada hasa!" Nami nilikuwa nimekwisha kukuandikia kwamba nimefika.

Ndiyo maana sikujibu. Kila nikishika kalamu mkono ulitaka kuandika kitu ambacho nisingeweza kukirudisha.

Nikatoka kutafuta wenzangu, tukaingia barabarani. Basi pale kwenye mzunguko tukakutana uso kwa uso na kundi la pili, wale wa "futa". Sisi tukapiga kelele, "Tunataka haki!" Wao wakapiga kelele, "Tunataka haki!" Sauti zikawa moja, hujui nani anamjibu nani. Polisi mmoja mwenye kitambi akauliza, "Nyie wote mnataka kitu kimoja, mnagombana nini?" Kisha mtu akatupa kiatu, na virungu navyo havikuchagua upande.

Mahabusu waliniweka na kijana mmoja, Tauqir, baba yake mshonaji huko Katihar. Yeye ni wa "futa". Tulikaa tumepeana migongo kama wake wenza. Baadaye akaniuliza, "Kichwa kinauma?" Nikamwambia kinauma kwa sababu yenu. Akacheka kidogo. Akanisimulia kituo chake: msimamizi alifunga mlango, mtu akaingia akasoma majibu, na yeye akaziba masikio. Unasikia, Buchi? Aliziba masikio kwa vidole na kuandika mwenyewe, wenzake wanamcheka. Akasema, "Nisingesema, ningekaa nao ofisi moja maisha yangu yote."

Nikamuuliza, "Na mimi niliyeandika mwenyewe, na mlango wetu haukufungwa?"

Akasema, "Kaka, sijui. Wallahi sijui."

Walituletea mkate mmoja, tukaugawana. Walipotuachia tulikumbatiana, nami sikuelewa kwa nini.

Sasa nakuuliza jambo moja. Usinijibu kama mtoto anayeogopa kupigwa. Ungejua yote, umri wangu na mtihani wangu, ungekwenda Jantar Mantar?

Kaka yako


Delhi, 6 Julai

Bhaiya wangu,

Nagusa miguu yako, na kile kichwa chenye nyuzi nakigusa kwa ncha ya kidole. Umeandika! Rempui aliruka kitandani, akagonga feni kwa mkono, sasa na yeye amefungwa bandeji.

Nimechukua muda kukujibu kwa sababu niliandika "nisingekwenda" nikachana. Nikaandika tena, nikachana tena. Lilikuwa jibu la kukufurahisha.

Ningekwenda, Bhaiya. Nadhani ningekwenda nikilia, na wakiniuliza kwa nini, nisingetaja jina lako. Sijui kama ni sawa. Nilifikiri nikisoma siasa nitajua lililo sawa, halafu nitalifanya, halafu nitalala usingizi. Nimejua sehemu, nimelifanya, na silali.

Ukitaka kunichukia kwa hilo, nichukie. Bora unichukie mimi mwenyewe kuliko kumpenda Buchi ambaye nimekutungia.

Mtihani wa marudio ni mwisho wa Agosti. Kuhusu umri hawajasema lolote jipya. Kwa hiyo juzi nimerudi palepale, na bango la kutaka waliovuka umri waruhusiwe. Rempui akaniuliza kwenye basi, "Leo tunapinga nini? Nijue pa kukunja uso." Safari hii hapakuwa na umati, wala ladu. Tulikuwa sisi, wanaume wachache wenye mvi za mapema, na muuza karanga. Wale tuliopiga nao kelele mwezi jana nimewapigia simu mmoja mmoja. Wana vipindi. Wana harusi. Mmoja akaniambia, "Lakini tulishashinda."

Nitarudi Jumatano, na Jumatano nyingine.

Mdogo wako,
Buchi


Kijijini, karibu na Darbhanga, 28 Septemba

Buchi,

Mungu akulinde. Huku sote wazima. Mama anakohoa kidogo, Baba anakohoa zaidi lakini anasema ni Mama. Wewe je? Najua umeandika mara nyingi nami nimekutumia kadi fupi fupi za "nipo, nasoma". Nilikuwa nasoma kweli. Sasa nina nafasi.

Siku ile ulipompigia simu Bwana Ojha kusema kwamba tume imelegeza umri kwa wote waliofanya ule wa kwanza, mzee alipanda ngazi anapiga kelele kama nyumba inaungua. Nilikaa chini palepale kwenye ngazi. Sijui ni Jumatano zenu zilizofanya hivyo au ni Waziri ameamka vizuri. Nachagua kuamini ni nyinyi.

Nilikwenda. Nilikula kwanza. Nilifungua karatasi na swali la kwanza sikulijua.

Si kwamba lilikuwa gumu sana. Nilikuwa nimechoka, Buchi. Nilikaa pale najaribu kuwa yule mtu wa Juni, naye hakuja. Matokeo yametoka juma lililopita, jina langu halimo. Nimekosa kwa kidogo. Watu wanasema "kidogo" kana kwamba inapunguza uchungu.

Nilirudi nyumbani, kesho yake nikaingia bwawani na Baba. Alinionyesha jinsi ya kushika pumzi na kukusanya mbegu kwenye tope, kama vile nilikuwa nimechelewa tu shambani. Miiba ilinichana mpaka jioni sikuweza kukunja vidole. Mama alinipaka mafuta ya haradali akilia, akijifanya ni ukali wa mafuta.

Jana tukapata mgeni. Tauqir, kutoka Katihar, na boksi la pipi tamu chini ya kwapa. Alisimama uani, hataki kuketi. Yeye amefaulu. Akaniambia, "Nimekuja kukupa habari njema au kukuomba radhi, njia nzima nimeshindwa kuamua."

Mama akamwambia, "Keti kwanza, utaamua ukiwa umeshiba."

Tulikula. Kijana yule anastahili, Buchi. Bila ule mtihani kufutwa, nafasi yake ingekwenda kwa mmoja wa wale waliokuwa wakimcheka. Kwa hiyo ulipiga kelele kwa ajili ya ndugu, ila hukujua ni yupi. Nilimtazama anakula samaki wa Mama, nikamfurahia kwa moyo wote, na wakati huohuo nikatamani kumtupa bwawani. Vyote viwili kwa pamoja. Sikujua mtu anaweza kubeba vyote viwili na bado akamkaribisha mgeni wali.

Ule mtihani wa Juni karatasi zake zimeharibiwa, tume imetangaza. Huenda nilifaulu. Huenda furaha ile ilikuwa ya jua tu. Hakuna atakayejua, wewe wala mimi. Hilo ndilo linaloniamsha.

Mama ameniuliza kama nimekusamehe. Nikamwambia sijui. Akaniuliza, sasa sikukuu ya Puja akuambie uje au usije? Nikamwambia hilo nalijua.

Njoo. Treni ya asubuhi inafika Darbhanga kabla ya jua kuwa kali, nitakuwa stesheni na baiskeli ya Baba. Sijui nitakuambia nini ukishuka. Pengine nitakaa kimya mpaka nyumbani, nawe usinisemeshe. Mizigo yako nitabeba mimi.

Kaka yako,
Bhaiya